Kwenda Ukweni Bila Kutaja Jina

Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamwiti hivyo mbele yake, hamtaji hivyo akiwa hayupo, na hata ukimgutusha usingizini umuulize baba mkwe wako anaitwa nani, atakujibu kwamba ni baba wa mume wangu, kisha atataka kujua wewe ulilelewa wapi. Bibi yangu aliishika sheria hiyo mpaka akaingia nayo kaburini. Alimzika baba mkwe wake, akavuka mpaka kutoka Rwanda kuingia Tanganyika na mtoto mgongoni, akapalilia migomba ya Karagwe miaka na miaka, na bado kulikuwa na neno moja la kawaida kabisa ambalo halikutoka mdomoni mwake kwa kuwa lilikaribiana na jina la yule mzee. Sisi wajukuu tulikuwa tunamtega ili ateleze. Hakuwahi kuteleza.

Mimi nilizaliwa hukohuko Karagwe. Nilifika Gisenyi nikiwa msichana mkubwa, Kiswahili kimenijaa mdomoni na Kinyarwanda changu kikichekwa na wauza nyanya. Watu wa hapa walituona sisi tuliotoka nje kuwa watu wasio na mila, na jambo hilo lilikuwa likiniudhi sana. Ukweli ni kwamba ukimbizini tulizishika mila kufa na kupona, maana hatukuwa na kitu kingine cha kushika. Waliobaki nyumbani walikuwa na ng'ombe na mashamba, wangeweza kusahau mambo mawili matatu na maisha yakaendelea. Bibi yangu alikuwa na adabu yake tu, akanigawia yote.

Basi niliolewa na mtu wa hapa, baharia wa ziwani, anayefanya kazi kwenye boti za mizigo ziendazo Kibuye. Alilelewa mjini na mjomba wake, lakini kwao hasa ni bondeni, mbali, nyuma ya milima iliyo juu ya Mahoko. Baba yake hakuja harusini. Hakukataa wala hakukubali, hakuja tu. Mume wangu alisema ni kwa sababu ya barabara, kwani siku zile usalama wa huko juu ulikuwa mbaya na magari hayakupanda. Nilikubali kuwa ni barabara. Ila moyoni nilijua kwamba mtu akitaka hufika, na mtu asipotaka hupata barabara ya kusingizia.

Kisha tukapata mtoto, wa kike. Na mume wangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kukubali kila kitu ili apate kulala, safari hii akawa mgumu kama jiwe la volkano. Alisema mtoto wa kwanza jina lake hutolewa na babu yake, na kwamba yeye mwenyewe hatalitoa. Zikapita siku nane, ambazo ndizo siku za kumpa mtoto jina, zikapita wiki, mtoto akaanza kucheka na kutambua watu, na bado hana jina. Majirani waliniuliza anaitwa nani, nikawa najibu kwamba linakuja. Padri aliuliza. Karani wa komini, anayeandikisha vizazi, aliuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa namwita "wewe", na kila nilipomwita hivyo nilihisi uchungu, maana ilikuwa kama vile mtoto wa wenyewe ameachwa kwangu kwa muda tu.

Barabara ilipofunguka, muuza viazi mmoja alishuka na ujumbe kutoka kwa mzee. Ulikuwa mfupi: mtoto aletwe na mama yake, mama yake peke yake. Mume wangu alifurahi sana. Mimi sikufurahi. Niliuelewa ujumbe ule kama mtihani. Mzee alitaka kuona huyu msichana wa Tanzania anafikaje nyumbani kwa watu, anapiga magoti au anasimama mlangoni kama mtoza kodi. Nikishindwa, mwanangu angebaki bila jina, na mimi ningebaki mke wa mtu asiyetambuliwa na ukoo wa mtu huyo.

Jioni kabla ya safari mume wangu alinielekeza njia. Panda taksi mpaka Mahoko, pale tafuta gari dogo la mizigo, kamyoneti ya viazi inayopanda mlimani, shuka kwenye vibanda vya juu kabisa, halafu teremka bondeni kwa miguu. "Ukifika pale uliza tu kwa…" akataja jina la baba yake. Nikamwangalia. Aliendelea kula. Nikaendelea kumwangalia mpaka akaelewa, akaweka kijiko chini.

Alisema huko mlimani hakuna atakayenisikia. Nikamwambia mtoto atanisikia. Akajaribu kunipa alama nyingine: nyumba ya baba ina bati, mbele yake kuna mikaratusi mirefu. Nilimuuliza mara ya mwisho kuiona ilikuwa lini, akaanza kuhesabu vidole, akafika kabla ya vita, akaacha. Sikumlaumu. Ziwani humpati mtu anayejua njia kama yeye, ila nchi kavu hufika mwisho sokoni.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge kipya, nikabeba blanketi la mzee, sukari na tumbaku ya kiko, nikaenda stendi. Taksi, kwa watu wa mbali, ni basi dogo la abiria. Gari dogo la kukodi sisi tunaliita taksi-vwatiri na hupandwa na maharusi. Nilipata kiti dirishani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwenye beseni miguuni na ndugu Goma, upande wa Kongo, kama wengi wa Gisenyi. Kabla hatujafika Nyundo alikuwa ameshajua kwamba naenda ukweni kwa mara ya kwanza, akanishauri nisiketi mpaka niambiwe na nisimtazame mzee machoni. Nilimwambia nayajua hayo. Hakuamini, kwa sababu ya lafudhi yangu, akaanza upya.

Baada ya Nyundo kulikuwa na kizuizi. Siku hizo hakikuwa kitu cha ajabu, mti uliolazwa barabarani na askari wawili. Mmoja aliingiza kichwa dirishani na kuuliza kila mtu anakwenda wapi na kwa nani. Alikuwa kijana aliyekulia Uganda, hilo ulilisikia alipofungua mdomo tu. Wengine walijibu, akapita. Akafika kwangu.

Nilimtajia bonde. Akauliza naenda kwa nani. Nikasema kwa baba mkwe wangu. Akauliza jina lake. Nikamwambia jina siwezi kusema.

Ukitaka kulifanya basi zima likae kimya, jibu askari hivyo. Dereva alizima gari. Askari aliniangalia, akaniangalia tena, akaniuliza kama baba mkwe wangu ana matatizo na serikali. Nikasema hana, ni mimi nisiyeweza. Akaniambia nishuke.

"Afande, huyu mwanamuke anafanya adabu tu," akasema mama wa sambaza. "Kwetu bamukwe hatajwe. Hata mi ya kwangu sijamutaja, na alishakufaka."

Askari alisema huenda ni kweli, lakini yeye ameagizwa kuuliza majina na hakuagizwa kuuliza adabu. Nikashuka na mtoto wangu. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na kwa mbali nilikuwa najipongeza, maana bibi angeniona pale angefurahi. Askari naye alikuwa amekwama. Hakutaka kunizuia na hakuweza kuniachia. Akafikiri. Kisha akanionyesha kioo cha nyuma cha taksi, kilichokuwa kimejaa vumbi, akasema kama kusema ni mwiko, basi niandike.

Hapo nikasita. Bibi yangu hakujua kuandika, kwa hiyo sheria yake haikusema lolote juu ya kioo chenye vumbi. Nilijaribu kumwuliza moyoni, akanyamaza, na alikuwa si mtu wa kunyamaza pale penye kosa. Nikaandika kwa kidole. Askari alisoma bila kutoa sauti, midomo ikimtembea. Akasema jina kama hilo hajawahi kulisikia. Halafu akalifuta kwa kiganja, polepole, mpaka herufi zote zikaisha, akanisaidia kupanda.

Abiria waliniomba niwaambie ni nani huyo. Mmoja alisema lazima ni chifu wa zamani. Mwingine alitaka nianzie na herufi ya kwanza tu. Niliwaambia mwenye haraka ya kujua akaoe bondeni. Tulicheka mpaka Mahoko.

Pale Mahoko ilikuwa siku ya soko, na kamyoneti za kupanda mlimani zilikuwa zimepangana zikiwa na magunia matupu. Nilikuwa najiuliza nianzie wapi, mara nikasikia nyuma yangu sauti ikiita jina la baba mkwe wangu kwa nguvu zote. Alikuwa ni mama wa sambaza. Kumbe kabla askari hajafuta, yeye alikuwa ameshasoma kwa ndani. Alisimama juu ya jiwe, beseni kichwani, akawauliza madereva na wapakizi na wauza viazi wote nani anamjua huyo mutu, kuna mukwe wake hapa na mutoto. Niliziba masikio, kisha nikayazibua, maana dhambi haikuwa yangu na jibu nililihitaji.

Hakuna aliyejibu. Aliita tena, akageukia upande mwingine, akaita. Watu walitazamana. Mzee mmoja mwenye mbuzi alitikisa kichwa. Watu wa milima ile ile, wanaojua mpaka ng'ombe wa jirani amezaa lini, hawakulijua jina lile.

Mama wa sambaza aliteremka kwenye jiwe. "Bon," aliniambia, "labda bwana yako alikudanganya jina ya baba yake." Akanipa sambaza waliofungwa kwenye jani kwa ajili ya njiani, akaenda zake sokoni. Nilibaki nimesimama na swali hilo. Mume wangu si mwongo, lakini kwa dakika kadhaa nilimtilia shaka, nikaona mwanamke anaweza kuishi na mtu, akamzalia, na asijue kama kweli kuna bonde.

Dereva wa kamyoneti niliyoipata alikuwa mtu mnene mwenye furaha, na alinikalisha mbele kwa sababu ya mtoto. Gari lilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba, ule wa upande wangu. Alipojua kisa changu alikifurahia kuliko alivyofurahia nauli. Alisema yeye anawajua wazee wote wa kule chini, kwa hiyo atawataja mmoja mmoja, na mimi akimfikia wangu niitikie kwa kichwa tu, kuitikia kwa kichwa hakujakatazwa. Nikaona ni shauri jema.

Barabara ilikuwa ikipanda kwa kujikunja, tope jekundu, mito midogo ikikatiza popote ilipopenda, na kila kona ilikuwa na mzee wake. Alianza na yule mwenye mizinga ya nyuki. Si yeye. Akaja kwa yule aliyeoa tena akiwa na mkongojo, kisa hicho kikachukua kilima kizima. Akaja kwa aliyegombana na kanisa juu ya kengele. Tulikwama, abiria wa nyuma wakashuka wakasukuma, naye alitoa kichwa nje kuwapa maelekezo huku akinitajia mzee mwingine. Kila mmoja alimtaja kwa jina, kwa ukoo na kwa aibu zake. Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini kadiri tulivyopanda ndivyo kicheko kilivyokuwa kinapungua, kwa sababu nilikuwa sijaitikia kwa kichwa hata mara moja.

Tulipofika kwenye vibanda vya juu alikuwa amewamaliza wote. Alizima injini, akafikiri kwa haki kabisa.

"Mama, wazee ya huku nimekupa wote," akasema. "Bamukwe wako haiko hapa. Rudi na mi kesho asubui, ama panda ingine gari ya kushuka leo."

Gari jingine la kushuka halikuwepo. Ukungu ulikuwa umeanza kuingia kati ya vibanda, ule ukungu wa kule unaokuja kwa miguu kama mtu aliyealikwa, na baridi ikauma. Nilishuka nikasimama chini ya upenu. Niliogopa, sina sababu ya kuficha. Nilikuwa na mtoto asiye na jina, naenda kwa mtu asiye na jina, na aliyenituma alikuwa anakula samaki wake kwenye boti. Nilimtukana mume wangu kimoyomoyo, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda.

Wakati huo walikuja wanawake waliokuwa wanatoka kuvuna viazi, majembe mabegani, miguu imejaa udongo. Walinisalimu, wakaniuliza naenda kwa nani. Nilichoka kueleza, nikajaribu ile njia ya askari: nikainama nikaanza kuandika jina kwenye tope kwa kijiti. Mkubwa wao alitazama kijiti changu mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole namwandikia nani hapo, maana wao hawakusoma. Wenzake walicheka mpaka wakashikana. Nami nikacheka, na nilipocheka machozi yakatoka, yakakataa kusimama.

Nilimwambia ukweli. Naenda kwa baba wa mume wangu na siwezi kumtaja. Pale pale sura zao zilibadilika. Mmoja akapiga makofi taratibu, akasema hajamsikia binti wa siku hizi anayejinyima hivyo, wakwe zake yeye mwenyewe wanamtaja mumewe kama wanaita mbuzi. Wakataka kujua nimetoka wapi. Niliposema Karagwe, Tanzania, walitazamana, na nilifurahi kwa namna walivyotazamana.

Yule mkubwa hakuuliza zaidi. Alinizunguka, akafunua kitenge mgongoni kwangu, akamtazama mtoto. Niseme hapa kwamba mwanangu alizaliwa na masikio makubwa yaliyotoka nje, na mimi mjini nilikuwa nayafunika kwa kofia. Mama yule alivua kofia. Akawaita wenzake. Wakakubaliana mara moja, wote kwa pamoja, kwamba masikio hayo wanayajua, yanaota mahali pamoja tu.

"Ni ya Mzee wa Masisi," walisema.

Nikakumbuka kwamba mume wangu aliwahi kusema baba yake, alipokuwa kijana, alivuka kwenda Masisi, huko Kongo, kuchunga ng'ombe wa wazungu. Dereva alipiga paja lake. Mzee wa Masisi, alisema, nani asiyemjua Mzee wa Masisi, ndiye wa kwanza angemtaja, ila nilisema natafuta mtu mwenye jina.

Kule mtu haelekezwi njia, anapelekwa. Mmoja alichukua blanketi langu, mwingine sukari, na yule mkubwa akanivua viatu vyangu vya mjini bila kuomba ruhusa, akavifunga kwenye mpini wa jembe. Tuliteremka mteremko ambao mbuzi angeufikiria kwanza. Kila tulipopita nyumba, mtu alitoka kuuliza, akaambiwa, akajiunga. Bonde lilikuwa chini yetu, kijani kibichi, moshi ukitoka kwenye paa, na mto mweusi katikati. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na mvua. Wanawake waliingia majini, wakajipanga, wakampitisha mwanangu mkono kwa mkono mpaka ng'ambo, na kila aliyempokea aliangalia masikio na kusema jambo. Mimi nilivuka nyuma yake nikiwa nimeshikwa kiuno. Upande wa pili mmoja wao aliweka mikono mdomoni akapiga ukelele kuelekea mlimani, kuwa mukwe wa Mzee wa Masisi anakuja na mtoto. Ukelele ulijibiwa kutoka juu. Kwa hiyo nilipofika uani habari zilikuwa zimeshatangulia.

Nyumba ilikuwa na bati kweli, ila mikaratusi ilikuwa visiki. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, koti kubwa, masikio mawili yamesimama nje ya kofia. Wanawake walirudi nyuma kidogo. Nilipiga magoti palipostahili, nikainamisha macho, nikamsalimu kama nilivyofundishwa. Aliniachia nimalize. Kisha aliniambia niketi, akaagiza niletewe maziwa, na nikayanywa nikiwa nimekaa, mpaka mwisho, bila kukiweka chombo chini.

Aliponisemesha ilikuwa kwa Kiswahili, kile cha Masisi. Nadhani alitaka kunirahisishia.

"Donc, umefika," alisema. "Na mu njia uliulizaka nani?"

"Niliuliza baba wa mume wangu."

"Na walikuelewa?"

"Hawakunielewa, baba. Walielewa masikio."

Alicheka. Mabega yalimtikisika, na wanawake wakacheka nyuma yetu, na mimi nikaona mtihani nimeufaulu, hivyo nikalegea. Na nikilegea mimi ninaongea. Akaniuliza kama hakuna mtu aliyenitajia jina lake njiani, nikamsimulia yote: kizuizi, kioo cha vumbi, mama wa sambaza aliyepanda juu ya jiwe pale Mahoko na kuita mbele ya soko zima. Nilimwigiza sauti, ila mahali pa jina nikaweka kimya. Nilitegemea acheke tena.

"Hakuna mwenye aliitika?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Hata mumoja."

Nilisema hata mmoja, na nilipolisema nikajua nimefanya vibaya, ila sikujua ni nini nimefanya. Mzee alikuwa anatazama visiki vyake. Kisha alianza kuongea, taratibu, kama mtu anayeeleza panga lake lilipotelea wapi. Watoto wake humwita baba. Wakwe hawamtaji. Marehemu mkewe, Mungu amrehemu, alimwita baba wa mtoto wao mkubwa mpaka siku aliyokufa. Vijana wa bondeni wanamwita Mzee wa Masisi. Waliokuwa wakimwita kwa jina lake ni wenzake waliochunga naye kule ng'ambo, na ndugu zake wa tumbo moja, na vita na kambi na magonjwa yamewachukua wote. Wa mwisho alikuwa kaka yake mkubwa. Tangu alipomzika, hakuna mtu aliyemwita. Alisema wakati mwingine akiwa shambani hujiita mwenyewe, ila haisikiki vizuri.

Nilitaka kulia na sikuthubutu, kwa sababu yeye hakuwa analia.

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Alimgeuza huku na huku, akamshika masikio, mtoto akamshika kidole. Alisema huyu ndiye atakayelichukua jina hilo. Nilidhani sikusikia vizuri. Kwetu majina mengi hayachagui mke wala mume, hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kwetu kila mtu hupewa jina lake mwenyewe, na hili alikuwa nalo yeye bado. Akasema amekaa nalo vya kutosha. Ndipo nikaelewa kwa nini alitaka mama alete mtoto, mama na si mwingine. Hakuna anayemwita mtoto kama mama yake, asubuhi mpaka usiku, kwa upendo na kwa hasira, mpaka majirani wakachoka.

"Sasa muite," aliniambia.

Nilimwambia siwezi, na kwamba mpaka leo mtoto namwita "wewe" tu. Nilimwambia habari za bibi yangu. Nilimwambia nimetoka Gisenyi mpaka hapa nikiwa nimelifunga mdomoni, nimeshushwa garini kwa ajili yake.

"Nilisikia," alisema. "Mi mwenyewe nakufungulia. Mutoto hatakuwa 'wewe' maisha yote. Muite, mutoto wangu."

Nilipiga magoti tena, mbele ya mtoto aliyekuwa kwenye mapaja ya mzee. Nilimwangalia yeye mtoto, sikuinua macho zaidi ya hapo. Nikaliita. Lilitoka dogo na la kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Mtoto alinitazama tu. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia.